Mlango Ufungukao na Utingo wa Voi

Mlango wa gari unaomwitikia abiria anayekaribia huweza kutegemea kihisi kilichowekwa juu yake. Kihisi hutuma mawimbi. Yakigonga mwili unaosogea, hurudi yakiwa yamebadilika, na mota huamriwa kuuvuta mlango. Gari likiwa mwendoni, amri hiyo huzuiwa.

Ugumu uko katika lugha. Kusema kwamba mlango huo "unajifungua" ni kualika kicheko, kwani anayejifungua ni mama mjamzito. Kirejeshi -ji- hakifai hapa. Kauli ya kutendeka ndiyo ifaayo: mlango hufunguka. Hata hivyo, kauli hii ina tabia ya kumficha mtenda.

Mjini Voi, barabara ya Mombasa inapoachana na ile iendayo Mwatate na Taveta, mtenda hafichiki. Mlango wa matatu ya abiria 14 hufunguliwa na utingo, ambaye kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 zilimvika sare. Wengine humwita manamba, jina walilopewa zamani vibarua wa mashamba ya mkonge ya Tanganyika waliotambuliwa kwa namba. (Mkonge, kwa bahati, hulimwa pia Mwatate.) Siku mlango wake utakapofunguka, mtenda aliyefichwa na kitenzi atakuwa amepoteza ujira vilevile.

Isitoshe, kihisi hupima mwendo tu. Mpita njia na msafiri kwake ni mamoja. Utingo humtambua angali mbali mama aliyejitwika kapu la mboga za Wundanyi, akamwashiria dereva asubiri, kisha akalipokea kapu kabla ya mwenyewe kupanda.