Je, Wajua? Kiuno cha mwanajimnastiki chipukizi huweza kupata ufa

Maumivu ya kiuno ya binti wa miaka 12 anayecheza jimnastiki huenda yasiwe uchovu tu. Kiuno kina pingili 5 za uti wa mgongo. Kila anapojipinda kinyumenyume, mikono ikitafuta sakafu, kijifupa chembamba kilicho nyuma ya pingili hubanwa. Mara moja haidhuru. Mamia ya mara kwa wiki, kwenye mfupa ambao bado unakua, huweza kuacha ufa mwembamba kama unywele, mara nyingi kwenye pingili ya 5, ile ya chini kabisa.

Mtazame akijipinda nyuma: akikunja uso na kushika kiuno upande mmoja, mazoezi yasimame, aende kwa daktari. Picha ya eksirei inaweza isiuonyeshe ufa mchanga, hivyo huenda akahitaji kipimo cha MRI. Tafadhali, asimezeshwe dawa ya maumivu ili tu awahi mashindano!

Tiba kubwa ni kuacha kujipinda, pengine kwa miezi 3, huku akiimarisha misuli ya tumbo na makalio. Wengi hurudi ulingoni. Miguu ikifa ganzi, au maumivu yakimwamsha usiku, awahishwe hospitali.