Safari ya kwanza Ulaya na watoto: Punguza miji, ongeza siku

Mzazi anayepanga kuipeleka familia Ulaya kwa mara ya kwanza huanza na orodha ndefu. London haikosi, Paris haikosi, kisha zinafuata Amsterdam, Brussels, Roma, Venice na Barcelona. Hoja huwa ni moja: nauli ni kubwa, nafasi ya kurudi haijulikani, basi kila kitu kionekane safari hii hii.

Ni hoja inayoeleweka, lakini ndiyo inayoharibu safari nyingi. Kila mnapohama mji mnapoteza karibu siku nzima. Kuna kufunga mabegi, kutoka hotelini, kwenda kituoni, kusafiri, kutafuta hoteli mpya na kusubiri chumba, maana hoteli nyingi hazitoi chumba kabla ya saa nane au saa tisa mchana. Familia yenye siku 12 ikipita miji sita itahama mara tano, na karibu nusu ya likizo itaishia njiani. Mtoto wa miaka sita atarudi nyumbani anakumbuka foleni na hasira za baba. Wahenga walishasema, mtaka yote kwa pupa hukosa yote.

Kipimo kinachosaidia ni hiki: kila mji mlale siku tatu au zaidi. Kwa likizo ya siku 12 au 13, hiyo ni miji mitatu.

Viza ndiyo inayochora ramani

Kabla ya kuchagua miji, fahamu kwamba Ulaya si mlango mmoja. Nchi 29, zikiwemo Ufaransa, Italia, Uholanzi, Hispania na Ujerumani, zinatumia viza moja ya Schengen. Ukishaingia mojawapo unaweza kuzunguka nyingine kwa viza hiyo hiyo. Uingereza na Ireland hazimo.

Maana yake, familia ya Kitanzania au ya Kenya inayotaka London na Paris inaomba viza mbili na kulipa ada mara mbili. Kuna mtego mwingine pia. Ukitoka Paris kwenda London kisha ukarudi Roma, umetoka Schengen na kuingia tena. Kama viza yako ni ya kuingia mara moja tu, hutaruhusiwa kurudi. Kwa safari ya kwanza, kuiacha London kwa siku nyingine kunapunguza gharama na usumbufu mwingi.

Ada ya viza ya Schengen tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Mtoto aliye chini ya miaka 6 halipi. Chukua familia ya baba, mama, mtoto wa miaka 9 na mdogo wake wa miaka 4. Ada yao ni euro 225, bila kuhesabu malipo ya huduma pale maombi yanapopokelewa na kampuni ya wakala. Fedha hiyo hairudi hata viza ikikataliwa.

Kwa sababu hiyo, usilipe tiketi ya ndege isiyorudishiwa fedha kabla ya viza kutoka. Kinachotakiwa wakati wa kuomba ni uthibitisho wa kuhifadhiwa nafasi, na hoteli nyingi hukuruhusu kuhifadhi chumba na kufuta bila malipo hadi siku chache kabla ya kufika.

Maombi hupelekwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, yanakwenda kwa nchi mtakayoingilia kwanza. Hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Jibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini linaweza kuchukua hadi 45, hivyo anza miezi mitatu au minne mapema. Si kila nchi ina ubalozi unaopokea maombi ya viza hapa nchini. Nyingine huwakilishwa na nchi jirani zao za Ulaya. Ulizia hilo kwanza.

Nyaraka za watoto

Hapa ndipo familia nyingi hukwama. Pasipoti ya kila mmoja, hata ya mtoto mchanga, iwe na miezi mitatu zaidi baada ya siku ya kuondoka Schengen, iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na iwe na kurasa mbili tupu. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto viandaliwe mapema. Mzazi mmoja akisafiri na mtoto bila mwenzake, kibali cha maandishi cha yule anayebaki kinahitajika, isipokuwa kama ndiye pekee mwenye haki ya malezi kisheria. Jina la mtoto kwenye cheti likitofautiana na lile la kwenye pasipoti, hata kwa herufi moja, lirekebishwe kabla ya kwenda ubalozini.

Bima ya safari ni lazima, na iwe ya matibabu ya angalau euro 30,000 kwa kila msafiri. Ubalozi pia utataka kuona taarifa ya benki, barua ya likizo kutoka kwa mwajiri au nyaraka za biashara, na ushahidi kwamba mna sababu ya kurudi. Barua ya shule inayoonyesha tarehe ya kufungua inasaidia. Fedha nyingi zilizoingia kwenye akaunti wiki moja kabla ya maombi huzua maswali kuliko akiba ndogo iliyokua mwezi hadi mwezi.

Mfano: Amsterdam, Paris na Roma

Miji hii mitatu inatembeleka kwa viza moja. Mfano wa mgawanyo ni siku tatu Amsterdam, tano Paris na nne Roma. Kwa kuwa Paris ina siku nyingi zaidi, maombi yanapelekwa Ufaransa.

Tafuta tiketi ya ndege inayoingilia mji mmoja na kutokea mwingine, yaani kushukia Amsterdam na kuondokea Roma. Mara nyingi bei yake haitofautiani sana na ya kwenda na kurudi mji ule ule, na inawaepusha kurudi nyuma bila sababu. Amsterdam hadi Paris ni kama saa tatu na dakika 20 kwa treni ya Eurostar, kutoka katikati ya mji hadi katikati ya mji. Bei ya treni hiyo hupanda kadiri siku zinavyokaribia, hivyo kateni mara tu viza zinapotoka. Paris hadi Roma ni mbali. Ndege huchukua kama saa mbili. Kwenye ndege za bei nafuu soma masharti ya mizigo, kwa kuwa begi lililozidi linaweza kugharimu kuliko kiti. Angalia pia jina la uwanja: Beauvais, unaotangazwa kama wa Paris, uko karibu kilomita 80 kutoka mjini.

Juni au Desemba?

Likizo ya Juni ina faida kubwa. Katika nchi nyingi za Ulaya shule hufungwa Julai na Agosti, na hapo ndipo bei na umati hufikia kilele. Mwanzoni mwa Juni hali ya hewa ni nzuri na mchana ni mrefu mno. Paris jua huzama karibu saa nne usiku. Panga muda wa kulala wa watoto kwa saa, usisubiri giza.

Desemba kuna taa na masoko ya Krismasi, lakini Paris giza huingia saa kumi na moja jioni. Gharama za makoti, viatu na soksi nzito kwa watu wanne ziingie kwenye bajeti tangu mwanzo. Kwa upande wa saa, Tanzania iko mbele ya miji hii kwa saa moja tu wakati wa kiangazi chao na saa mbili wakati wa baridi, hivyo usingizi wa watoto hautavurugika sana.

Jambo moja dogo linalokosesha watu treni: tiketi za huko huandikwa kwa mfumo wa saa 24. Ikiandikwa 15:30, ni saa tisa na nusu alasiri.

Tiketi za kukata kabla ya kuondoka

Vivutio vikubwa havitaki tena mtu wa kuja na kupanga foleni. Nyumba ya Anne Frank mjini Amsterdam huuza tiketi kwenye mtandao tu, kila Jumanne, kwa ajili ya ziara za wiki sita baadaye. Colosseum ya Roma na Louvre ya Paris nazo zihifadhiwe mapema.

Zingatia siku za kufungwa. Louvre hufungwa Jumanne, Musée d'Orsay Jumatatu, na Makumbusho ya Vatican hufungwa Jumapili isipokuwa ya mwisho wa mwezi. Habari njema kwa mzazi ni kwamba walio chini ya miaka 18 huingia bure Louvre, Colosseum na Rijksmuseum ya Amsterdam. Mtu mzima anayetoka nje ya Ulaya alipandishiwa tiketi ya Louvre hadi euro 32 mwanzoni mwa 2026.

Kwa siku moja, kivutio kimoja kikubwa kinatosha. Asubuhi makumbusho, mchana bustani. Bustani ya Luxembourg mjini Paris, ambako watoto husukuma mashua ndogo bwawani, inaweza kuwafurahisha kuliko picha zote za Louvre. Amsterdam, washikeni mikono: njia za baiskeli ziko kando kabisa ya njia za miguu, na waendesha baiskeli hawapunguzi mwendo.

Fedha inayovuja

Bajeti nyingi huhesabu nauli na hoteli, kisha zinavujishwa na vitu vidogo. Miji yote mitatu hutoza kodi ya mgeni kwa kila usiku, na mara nyingi hulipwa kando mnapofika. Baadhi ya migahawa ya Roma huongeza malipo ya ziada kwa kila mtu.

Kuna pa kuokoa pia. Maji ya bomba yananyweka katika miji yote mitatu. Roma ina mabomba ya barabarani yanayotoa maji bure, na Paris mgahawa hauwezi kukutoza kwa jagi la maji ya bomba mnapokula. Nyumba ya kupanga yenye jiko inawawezesha kupika wali au uji, na mtoto anayechagua chakula hatashinda njaa. Wanaohitaji nyama halali watapata maduka na migahawa mingi katika miji yote mitatu.

Bajeti ikionyesha kwamba safari itagusa ada ya shule au itahitaji mkopo, punguza mji mmoja au ahirisha mwaka mmoja. Paris peke yake kwa siku saba ni likizo kamili.

Afya na usalama

Wezi wa mifukoni wapo kwenye treni za chini ya ardhi za Paris na kituo cha Termini, Roma. Pasipoti zibaki hotelini mahali salama, na nakala ziwe kwenye simu za wazazi wote wawili. Kila asubuhi piga picha ya watoto ili ukumbuke walichovaa, na kila mmoja awe na karatasi mfukoni yenye jina la hoteli na namba ya mzazi ikianza na kodi ya nchi.

Wakubalianeni kabla: mtoto akiachwa kituoni, asimame pale pale. Akibaki ndani ya treni, ashuke kituo kinachofuata na asubiri hapo. Namba ya dharura kote Umoja wa Ulaya ni 112.

Mtoto akipata homa huko, mwambieni daktari mara moja kwamba mmetoka nchi yenye malaria. Daktari wa Paris au Amsterdam anaweza asiifikirie, na kuchelewa ni hatari.

Mwisho, wapeni watoto sauti. Kila mmoja achague kitu kimoja anachotaka kuona katika kila mji, nacho kiwekwe kwenye ratiba kama vile tiketi ya ndege. Yanayobaki kwenye ile orodha ndefu yaandikwe mahali, yasubiri safari nyingine.