Kodi ya miezi sita na haki ya mwanafunzi mpangaji

Mabweni ya Magufuli, yaliyofunguliwa Aprili 2017 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yana nafasi 3,840. Chuo kina wanafunzi makumi ya maelfu. Hata ukijumlisha na hosteli za Mabibo, umati unabaki nje, nao ndio unaojaza vyumba vya Changanyikeni, Msewe, Makongo na Survey.

Soko hilo linaendeshwa na desturi moja: kodi ya miezi sita, pengine ya mwaka, inalipwa kwa mkupuo kabla ya kukabidhiwa ufunguo. Chukua chumba cha shilingi 100,000 kwa mwezi. Mwanafunzi anatoa 600,000, kisha 100,000 nyingine, maana dalali naye huchukua kodi ya mwezi mmoja. Posho ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo ni shilingi 10,000 kwa siku, tangu ilipopandishwa kutoka 8,500 mwaka 2022. Chumba kimemeza posho ya siku 70, na godoro bado halijanunuliwa. Bumu lenyewe hutoka kwa awamu. Ndiyo maana wengi hubanana wawili watatu geto moja, mkataba ukiwa na jina la mmoja tu. Huyo akihama, waliobaki hawana karatasi inayowatambua.

Kiuchumi huo ni mkopo usio na riba. Mpangaji anamkopesha mwenye nyumba, ambaye pengine anamalizia vyumba vya uani. Kujenga si kosa. Kinachoniuma ni kwamba aliyekwisha kulipa yote hana tena cha kujadiliana nacho paa likivuja mwezi wa pili.

Sheria iliyodhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, ilifutwa 2005, na tangu hapo bei ni makubaliano. Lakini mpangaji hakuachwa mtupu. Kifungu cha 88 cha Sheria ya Ardhi ya 1999 kinaingiza wajibu wa mwenye nyumba ndani ya mkataba hata kama haukuandikwa: amwache mpangaji akae kwa utulivu maadamu analipa kodi, na akipangisha sehemu tu ya jengo, paa, kuta za nje na mifereji mikuu ni juu yake kuvitengeneza. Upangaji wa mwaka mmoja au chini yake unatambulika hata ukiwa wa mdomo. Tatizo la mdomo ni ushahidi, hasa shauri likifika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kwa hiyo mwanafunzi adai maandishi na risiti, wenzake wote wa chumbani watajwe, na mgawanyo wa LUKU na maji uandikwe. Apiganie pia kulipa kwa awamu zinazofuata bumu, na likizo ndefu ijadiliwe kabla ya kusaini, kwa kuwa miezi hiyo chumba hukaa kimefungwa huku kodi ikihesabiwa. Serikali ya wanafunzi inayojadili na wenye nyumba wa mtaa mzima kwa pamoja itapata masharti ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, akiwa na begi mkononi na dalali pembeni, hawezi kuyapata.