Je, Wajua? Kipunji ana umbo la mangabe na mitokondria ya nyani

Wanyakyusa walimjua kipunji kwa jina kabla wanasayansi hawajamtangaza mwaka 2005. Kwa kuwa tumbili huyu wa Tanzania huishi juu ya miti na umbo lake linafanana na la tumbili wengine waitwao mangabe, aliwekwa katika kundi lao. Mwaka uliofuata vinasaba vilimsogeza kwa nyani, akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus.

Mtu atauliza: kwa nini vinasaba viaminiwe kuliko macho? Swali la haki, maana hata vyenyewe havisemi kwa sauti moja. DNA ya mitokondria, sehemu ndogo zilizo ndani ya seli, hurithiwa kwa mama tu. Ile ya vipunji wa Mlima Rungwe inaangukia katikati ya nyani kabisa, ilhali ya ndugu zao wa Ndundulu, kwenye milima ya Udzungwa, inakaa kando. Si rahisi ukoo ulionyooka uzae tofauti hiyo. Kwa hiyo anayesoma mitokondria peke yake angemwita kipunji nyani, na angekosea. Inaelekea zaidi kwamba zamani nyani jike alizaa na kipunji dume, na mabinti wa uzao huo wakaendelea kupandwa na vipunji, kizazi baada ya kizazi, hadi alama kuu iliyosalia ya bibi yule ikawa mitokondria.