Mtihani wa serikali: nyumba nzima ijitayarishe



Mwezi wa sita unakaribia. Ndani ya nyumba nyingi za Goma, kutoka Ndosho mpaka Majengo, kuna mtoto mmoja ambaye majirani wanamwita "mfinalisti". Na kuna mama anayejiuliza: mimi niliyeacha masomo mapema, nisiyejua Kifaransa vizuri, nitamsaidia na nini?

Tunajibu hivi: utamsaidia na mengi. Hatuwezi kukaa mtihani pahali pao. Lakini saa za kusoma, usingizi, chakula na maneno wanayosikia asubuhi viko mikononi mwetu.

Tuujue mtihani wenyewe

Mtihani wa serikali, ule tunaouita Exetat, upo tangu mwaka wa 1967. Una sehemu mbili. Ya kwanza inakuja mbele na inaitwa hors-session: disertasyo ya Kifaransa, mtihani wa mdomo, na kwa wale wa seksyo za ufundi, kazi ya mikono mbele ya juri. Ya pili inachukua siku nne: maarifa ya jumla, sayansi, lugha, na masomo ya seksyo yenyewe. Hapo mtoto anapewa maswali yenye majibu kadhaa, naye anachagua lililo sahihi. Ili apate diploma anahitaji asilimia 50.

Inafaa mama ajue hayo, kwa sababu kila sehemu ina matayarisho yake. Disertasyo haifundishwi kwa usiku mmoja. Mtoto aandike moja kila juma, kwa saa ileile watakayopewa, na ampelekee mwalimu au kaka aliyemaliza amsahihishie. Kwa zile siku nne, atafute maswali ya miaka iliyopita, yale wanayoyaita "item", ayajibu kaye ikiwa imefungwa, halafu ndipo aangalie alipokosea. Kusoma kaye mara kumi kunampa mtu mawazo kwamba anajua. Kujibu bila kuangalia ndiko kunamwonyesha kama anajua kweli.

"Unielezee kwa Kiswahili"

Hapa ndipo mama ambaye hakusoma anakuwa mwalimu. Jioni, wakati wa kuchambua sombe au maharagi, mwambie mtoto: "Leo umesoma nini? Unielezee kwa Kiswahili." Kama amelielewa somo, atakupatia mfano wa sokoni au wa shambani, nawe utaelewa. Kama alilikariri tu, atakwama katikati na kurudia Kifaransa cha kaye. Usimcheke. Mwambie tu: "Hapo sijaelewa, kesho uliza mwalimu." Pale alipokwama ndipo pa kurudia kesho yake. Dakika 15 zinatosha, na hazidai hata franka moja.

Saa za binti

Tuseme ukweli kati yetu. Mara nyingi mfinalisti mvulana anaachiwa meza na taa, lakini mfinalisti msichana anaachiwa bidoni za maji, mbabula na wadogo zake. Anaanza kusoma saa nne za usiku, macho yamechoka. Halafu matokeo yakitoka tunasema mvulana ana akili zaidi.

Kwa majuma haya tu, tugawe kazi upya. Kaka naye anaweza kuteka maji na kuosha vyombo. Binti apate saa mbili za mchana, mwanga ukiwapo, kwa sababu umeme wa usiku hauna ahadi. Kama nyumba ni ndogo na kelele ni nyingi, watoto watatu au wanne wa mtaa wanaweza kusomea pamoja kwa mama mmoja mwenye nafasi, mchana, mlango ukiwa wazi na mtu mzima akiwapo. Jioni kila mmoja arudi kwao mapema.

Na walale. Akili inapanga ulichosoma wakati umelala. Mtoto anayekesha usiku kucha mbele ya mtihani anafika asubuhi akiwa amesahau hata alichokuwa anajua.

Woga wa watoto wetu

Wafinalisti wa Goma hawafanani na wa miji yenye amani. Hawa ndio waliokimbia Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Hawa ndio waliosikia mabomu mwezi wa kwanza 2025, masomo yakafungwa, wengine wakapoteza ndugu, wengine wakabomolewa makambi na kuhama tena. Kama mtoto anashituka mlango ukigongwa, au anasoma ukurasa mmoja mara tano bila kushika kitu, tusiseme upesi kwamba ni mvivu.

Kwa woga wa kawaida kuna dawa ndogo. Kuvuta pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi, mara kadhaa, kabla ya kufungua karatasi. Kuanza na maswali anayoyajua, na kurudi kwa magumu baadaye. Kuandika kwenye karatasi yale yanayomsumbua, kisha kuikunja na kuiweka pembeni. Kutembea kidogo au kucheza mpira jioni.

Lakini kama halali usiku mwingi mfululizo, hali chakula, anajitenga na wenzake, au anasema maisha hayana maana, hapo disertasyo ingoje. Kaa naye, umsikilize bila kumkatiza, kisha mtafute mtu wa kazi hiyo. Hapa Goma kuna kituo cha afya ya akili Tulizo Letu. Kwenda kule si aibu, na hakumfanyi mtoto kuwa mwenda wazimu.

Tuchunge pia ndimi zetu. "Ukianguka utaniua" ni mzigo ambao hakuna mtoto anayeweza kuubeba ndani ya chumba cha mtihani. Afadhali: "Umefanya kazi, nimeona. Nenda ukaandike unachojua."

Majibu ya kuuzwa

Kila mwaka kuna watu wanaopitisha kwenye WhatsApp majibu wanayosema ni ya kweli, na kuomba pesa. Mama, usitoe. Mara nyingi ni uongo. Na hata yangekuwa ya kweli, tungekuwa tumemfundisha mtoto kwamba diploma ni kitu cha kununua, na akikamatwa anapoteza mwaka mzima. Pesa hiyo inunue biki mbili, mafuta ya taa na sambaza za chakula cha jioni.

Zile siku nne

Mapema, nendeni pamoja mpaka kituo atakapoandikia, mjue njia na muda unaochukua kwa miguu. Usiku kabla ya kila siku, aweke tayari karatasi zinazotakiwa, biki na maji. Asubuhi anywe uji au chai na mkate, si tumbo tupu. Akirudi jioni, usimuulize swali kwa swali alijibu nini. Ya leo yameisha. Ale, apumzike, ajitayarishe kwa ya kesho.

Siku ya matokeo

Siku hiyo mtaa mzima unajaa pudra nyeupe na nyimbo. Lakini katika nyumba ya jirani kunaweza kuwa na mtoto ambaye jina lake halikutoka. Tumpelekee chakula na salamu, tusimpelekee maswali. Anaweza kurudia mwaka, au kujiandikisha baadaye kama otodidakti. Mlango haujafungwa, ila anahitaji mtu wa kumwambia hivyo siku hiyohiyo.

Basi Jumamosi hii, kabla ya kuhesabu pesa za likelemba, kila kikundi kiulize: nani ana mfinalisti nyumbani? Nani ana chumba chenye utulivu mchana? Nani ana mtoto aliyepata diploma, anayeweza kusahihisha disertasyo? Andikeni majina matatu, na muanze Jumatatu.