Kabla ya kununua chambo cha plastiki, soma haya

LIKIZO ikikaribia na safari ya Pwani ikianza kupangwa nyumbani, huenda ukajikuta mbele ya duka la vifaa vya uvuvi. Pale ndani vimetundikwa visamaki vya plastiki vya kila rangi, vingine vina mikia iliyojikunja, vingine vimefanana na kamba au ngisi. Mtoto anakuvuta mkono akitaka vile vya waridi vinavyometameta. Usifungue mkoba bado. Pakiti hizo si rahisi, na rangi inayompendeza mtoto si lazima impendeze samaki.

Vyambo hivi laini si vipya duniani. Mwaka 1949, fundi wa mashine aitwaye Nick Creme, wa mji wa Akron, jimbo la Ohio huko Marekani, alitengeneza nyungunyungu wa plastiki laini kwa ajili ya kuvulia samaki wa maziwani. Tangu hapo vyambo vya namna hiyo vimeenea hata baharini, na siku hizi kolekole, tewa, changu na mzia wa bahari yetu hunaswa navyo.

Huenda ukauliza: kwa nini plastiki, ilhali wazee wetu wamevua kwa ngisi na kamba tangu jadi? Swali ni zuri. Ngisi bado ni chambo bora kabisa. Lakini huharibika upesi, hunukia ndani ya gari, na kamba uliowanunua kwa ajili ya ndoana wangeweza kuwa kitoweo. Plastiki haina taabu hiyo. Hata hivyo, kuna tofauti moja ambayo mwenye duka huenda asikwambie. Ngisi hujiuza mwenyewe kwa harufu yake, hata ukimwacha chini ya maji ukapiga gumzo. Plastiki iliyotulia ni takataka tu. Kinachovua si ile plastiki, bali ni uzito uliouchagua na mkono wako.

Uzito kwanza

Vyambo laini huvishwa ndoana yenye kichwa cha risasi shingoni. Wanunuzi wengi huhangaikia rangi, kisha wakachukua ndoana yoyote. Wewe geuza mambo: anza na uzito.

Ukivua kutoka kwenye mawe kando ya mkono wa bahari uliotulia, wenye kina cha mita 2 au 3, gramu 5 hadi 7 hutosha. Penye mkondo wa maji, au mahali pa kina kirefu, utahitaji gramu 14 hadi 28. Kanuni ni nyepesi: tumia uzito mdogo kabisa unaoweza kufika chini. Chambo kikizama kama jiwe, samaki hapati nafasi ya kukitazama, na ndoana itanasa kwenye matumbawe. Kikipeperushwa na mkondo bila kufika chini, ongeza uzito. Kwa hiyo, ni heri kununua pakiti moja ya vyambo na ndoana za uzito wa aina tatu, kuliko pakiti tatu na ndoana za aina moja.

Kwa anayeanza, chambo cha sentimita 7 hadi 10 kinafaa. Hakikisha kwamba ndoana haimezwi na unene wa chambo, maana ncha isipojitokeza vyema samaki atauma na kwenda zake.

Mkia na rangi

Samaki ana mstari ubavuni mwake unaomwezesha kuhisi mtikisiko wa maji. Ndiyo sababu mkia ni muhimu kuliko macho yaliyochorwa. Mkia mpana kama kasia hupiga maji kwa nguvu, hivyo hufaa wakati wa machweo au maji yakiwa machafu. Mkia mwembamba ulionyooka hutembea kimya, nao hufaa penye maji maangavu ambapo samaki ni mwoga.

Ama kuhusu rangi, tazama maji yenyewe. Mvua zinaponyesha bara na mto Sabaki ukashusha udongo mwekundu hadi bahari ya Malindi, tumia rangi nyeusi au kali inayoonekana. Maji yakiwa kama kioo, tumia rangi iliyofifia, inayokaribiana na ya dagaa au kamba. Na kumbuka kwamba nuru nyekundu ndiyo ya kwanza kupotea majini. Chambo chekundu kilichong'aa dukani, kikifika mita 10 chini huonekana kama kivuli cheusi.

Kuvisha na kuvuta

Kabla ya kukichoma chambo, kilaze kando ya ndoana uone ncha itatokea wapi. Ingiza ncha katikati ya pua, ipitishe ndani, kisha itokeze mgongoni. Chambo lazima kinyooke. Kikipinda, kitazunguka kama pia na kuusokota mshipi wako. Tone la gundi kali kwenye shingo ya ndoana huzuia chambo kuteleza.

Mwishoni mwa mshipi funga kipande cha nailoni nene, chenye urefu wa karibu mita moja, kwa sababu matumbawe hukata. Palipo na mzia au nguru, ongeza waya mfupi, la sivyo meno yao yatakuachia mshipi mtupu.

Sasa tupa. Acha chambo kizame huku ukiutazama mshipi. Ukilegea, chambo kimefika chini. Inua ncha ya ufito mara mbili kwa upole, kisha kiache kishuke tena, ukikunja ule ulegevu tu. Mara nyingi samaki huuma chambo kinapoanguka, wala si kinapopanda, maana kwake hicho ni kiumbe aliyechoka. Ukihisi mguso mdogo, au mshipi ukikimbia upande, inua ufito mara moja.

Kosa la wageni ni haraka. Tewa na changu wa miambani wanataka mwendo wa polepole. Kolekole wakiwa wanafukuza dagaa juu ya maji, hapo ndipo unapoweza kukunja mshipi kwa kasi. Subira huvuta heri. Nenda pia kwa saa za maji: maji yanapoanza kujaa au kupwa samaki hutoka kutafuta chakula, ilhali yakisimama wengi hutulia.

Ukiona mikia ya vyambo vyako inakatwa safi kama kwa mkasi, jua umewafikia bunju. Hama mahali hapo, vinginevyo pakiti itakwisha kabla ya saa moja. Na bunju akinaswa, mrudishe baharini. Sumu yake huua, na kumpika hakuiondoi.

Usiiachie bahari

Mwezi Agosti 2017 Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, kila mwanafunzi alifahamu sababu: plastiki haiozi. Chambo laini nacho ni plastiki. Kipande kilichotupwa kwenye mawe kitachukuliwa na maji, kisha kitamezwa na samaki au kasa asiyeweza kukiyeyusha tumboni. Basi, beba mkebe wenye kifuniko. Kila mkia uliokatika na kila chambo kilichochanika kiingie humo na kirudi nanyi mjini. Kilichochanika kidogo kinaweza kuunganishwa kwa gundi kikatumika tena. Wape watoto kazi ya kuhesabu: vilivyotoka ndani ya pakiti na vilivyorudi.

Risasi nayo ni sumu. Uingereza ilizuia uuzaji wa risasi nyingi ndogo za kuvulia mwaka 1987, baada ya kugundua kwamba mabatamaji walikuwa wakizimeza na kufa. Usiiume kwa meno, na watoto wanawe mikono kabla ya kula.

Vyambo vyenyewe viache ndani ya pakiti zao. Aina tofauti zikichanganywa huweza kuyeyushana zikawa uji, na zikiachwa garini juani hupinda.

Kabla ya kutupa mshipi, uliza ofisi ya uvuvi kuhusu leseni. Ndani ya mbuga za taifa za bahari, kama Malindi, Watamu, Mombasa na Kisite, uvuvi hauruhusiwi kabisa. Samaki mdogo mrudishe majini, na ulowanishe mikono kwanza ili usimbandue ute unaomkinga. Tewa wengi huanza maisha wakiwa majike, kisha wakishakua hugeuka madume. Ukiwamaliza wakubwa, wadogo hubaki bila madume.

Mwisho, vaeni viatu na msiipe bahari mgongo. Wakati wa bamvua maji yetu hupanda zaidi ya mita 3, na mwamba uliokuwa mkavu saa nne waweza kuwa kisiwa saa sita. Bana kwa koleo kile kijiba cha ndoana za watoto, ili ikimchoma mtu itoke kwa urahisi.

Basi, msomaji, ukirudi dukani mwulize muuzaji kwanza juu ya uzito, kisha mkia, na mwisho rangi. Na yule mtoto anayelilia cha waridi? Mnunulie kimoja. Mfundishe kukiinua na kukishusha polepole, naye huenda akawatangulia nyote kupata kitoweo.