RAM ya Kuchomeka au ya Kuchomelea?

Fungua kifuniko cha chini cha kompyuta ya mkononi iliyokwisha kutumika miaka kadhaa. Huenda ukakuta bareti ya RAM, kibao chembamba cha kijani kilichobanwa na vibanio viwili. Ukingoni kina safu ya meno ya manjano: 204 kwa DDR3, 260 kwa DDR4. Manjano hiyo ni dhahabu halisi, iliyopakwa kwa unene mdogo mno. Chipu zenyewe zimeshikiliwa kwa lehemu, ambayo sehemu yake kubwa ni bati. Dhahabu huchimbwa Namoya, humu Kabambare, na bati hutoka kwenye kasiteriti ya mkoa wetu wa Maniema.

Dhahabu ilichaguliwa kwa sababu haishiki kutu. Miaka ya 1990 bareti za meno 72 ziliuzwa za aina mbili, za dhahabu na za bati. Ukichomeka ya bati kwenye sloti ya dhahabu, joto na baridi huvifanya visuguane kidogo kidogo. Kutu ngumu ya bati hugandia juu ya dhahabu na kuzuia umeme. Kompyuta huanza kugoma bila sababu inayoonekana.

Siku hizi chaguo ni jingine. Tangu MacBook Air ya 2008, kompyuta nyembamba nyingi zina RAM iliyochomelewa moja kwa moja kwenye ubao mkuu. Aina ya LPDDR inayotumika humo mara nyingi hula umeme kidogo, na anayetegemea paneli ya jua hawezi kulidharau hilo. Lakini chipu moja ikifa, miguu yake ni vitone vya lehemu vilivyojificha chini ya tumbo lake, na lehemu isiyo na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi. Hapo inahitajika mashine ya hewa moto na mkono uliozoea. Bareti hutolewa kwa vidole.

Desemba 2023 shirika la viwango la JEDEC lilitangaza CAMM2, kibao kinachofungwa kwa skrubu na kinachoweza kubeba hata LPDDR. Ni jibu zuri, ila kompyuta nyingi za mitumba hazinalo.

Kwa Kasongo na Kabambare, mimi nasema chukua yenye sloti. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji afungue kifuniko, uhesabu sloti mwenyewe. Na ukinunua bareti ya DDR3, soma lebo: PC3L hufanya kazi kwa volti 1.35, PC3 huhitaji 1.5, na kompyuta nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya PC3L huikataa PC3.